Shajara ya mradi: lebo janja za mashati, kutoka jora mpaka katoni

Wiki ya 1

Jumatatu ndo tumekabidhiwa kazi rasmi. Kila shati letu linalokwenda soko la Umoja wa Ulaya liwe na lebo yenye QR, mtu akiskani na simu apate habari zake: kitambaa kimefumwa wapi, kimetiwa rangi wapi, nyuzi gani na asilimia ngapi, limeshonwa lini. Mnunuzi wetu mkubwa ndo aliyeomba, anataka ajipange kabla sheria haijamfikia, na sisi hatutaki siku moja tuamke oda zimehamia kwa mwenye lebo.

Siku tatu nimekaa na sheria zenyewe maana kila anayekuja kutuuzia sistimu anatuambia "ni lazima mwaka huu". Kwa nguo sivyo. Sheria mama ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2024/1781, ya usanifu endelevu wa bidhaa, imeanza kuwa na nguvu 18 Julai 2024 na humo ndimo ilimo hii pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, yaani habari za bidhaa zinazofunguka mtu akiskani lebo. Ila hiyo ni fremu tu, haisemi shati libebe habari gani. Kila kundi la bidhaa linatungiwa kanuni yake ndogo, na kwenye mpango kazi wa Aprili 2025 nguo zimo orodha moja na chuma, alumini, matairi, samani na magodoro, nguo wamezikadiria 2027, afu kanuni ndogo ikishapita kwa kawaida watu wanapewa si chini ya miezi 18 kabla haijaanza kuwabana. Waliokwishafikiwa ni watu wa betri. Kwao Kanuni 2023/1542 inasema kuanzia 18 Februari 2027 betri za magari ya umeme, za baiskeli na skuta za umeme, na zile za viwandani zinazozidi kWh 2, zote ziwe na pasipoti inayofunguka kwa QR. Nawafuatilia kwa karibu sana, njia watakayoifungua wao ndo tutakayopita sisi.

Mambo niliyoyapigia mstari: habari ziwe kwenye viwango vya wazi ambavyo mashine yoyote inasoma, zisifungiwe kwenye sistimu ya muuzaji mmoja, nakala ya akiba ikae kwa mtoa huduma mwingine, na kila mtu aone kinachomhusu, mteja yake, fundi wa kurekebisha yake, mkaguzi yake. Na kuna rejista ya Ulaya yenyewe, tarehe ya mwisho ya kuiandaa ni 19 Julai 2026, forodha wataangalia namba ya usajili ya bidhaa humo kabla mzigo haujaachiwa. Hapo forodha ndipo nilipoacha kusoma kidogo nikaenda kumwambia bosi. Kwa sababu lebo ikiwa mbaya mteja atakasirika tu, lakini namba ikikosekana kontena linakaa bandarini.

Wiki ya 2

Kazi ya namba. Nilidhani siku moja, imekula wiki.

Kila aina ya shati, kila rangi, kila saizi ina namba yake ya GTIN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha bidhaa. Mtindo mmoja wenye rangi 4 na saizi 6 ni namba 24, sasa sisi tuna mitindo mingi na zamani mtu alikuwa anatoa namba moja kwa mtindo mzima, saizi anaandika kwa kalamu kwenye katoni. Tumeanza upya.

Kilichotutesa zaidi ni ekseli. GTIN kwenye QR inaandikwa kwa tarakimu 14, zetu zinaanza na 0, ukiibandika kwenye ekseli bila kuiambia hiyo safu ni maandishi inakula sifuri ya mbele, au inaigeuza kuwa ile namba yenye E katikati na tarakimu za mwisho zinapotea machoni. Faili likishatumwa kwa mtu wa tatu na yeye akalihifadhi tena basi hujui tena ipi ilikuwa sahihi. Tulichofanya: kila namba inapita kwenye hesabu ya tarakimu ya mwisho, ile ya kuhakiki. Unaanza kulia ukiiacha hiyo ya mwisho, unazidisha kwa 3, inayofuata kwa 1, tena 3, tena 1, unajumlisha, na tarakimu ya kuhakiki ndo inayokufikisha kwenye kumi inayofuata. Hesabu ya shule ya msingi kabisa, na imetunasia makosa mengi kuliko mkutano wowote. Sasa hivi hakuna namba inayoingia kwenye printa bila kupita hapo.

Wiki ya 3

Ugomvi wa linki. Ni ugomvi wa heri ila ulikuwa mkali.

Kampuni moja ya sistimu ilitaka QR ielekeze kwenye domeni yao, yaani anwani yao ya mtandao, watutunzie kila kitu. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Shati letu linavaliwa miaka, lebo ikishashonwa huwezi kuifuata nyumbani kwa mteja ukaibadilisha, sasa kama mkataba wetu na hao watu ukiisha au wao wenyewe wakifunga, mashati yote duniani yana QR inayofungua ukurasa mtupu. Kwa hiyo domeni ni yetu, tumeisajili sisi, tumeilipia miaka mingi mbele, na linki imefuata mpangilio wa GS1 Digital Link, wa GS1, shirika la viwango vya namba za bidhaa: baada ya domeni inakuja 01 na GTIN, afu 10 na namba ya loti (kundi lililotengenezwa pamoja), afu 21 na namba ya shati lenyewe. Nyuma yake kuna kielekezi kinachoamua upelekwe wapi. Leo tukitumia sistimu hii kesho ile, tunabadilisha kielekezi tu, lebo haiguswi.

Watu wa masoko nao walikuwa na linki yao, ndefu, ina majina ya kampeni na mambo mengine, herufi kama 110. Hapa nikakaa nao na karatasi. QR inakua kadiri unavyoijaza. Linki yetu ni herufi 58, kwa kiwango cha M cha kusahihisha makosa inaingia kwenye QR ya toleo la 4, viboksi 33 kwa 33. Yao inahitaji toleo la 7, yaani 45 kwa 45. Ongeza ukingo mweupe wa viboksi 4 kila upande, sisi tunakuwa 41 wao 53. Nafasi kwenye lebo ni milimita 15 na ushee. Kwetu kiboksi kimoja kinapata kama 0.37 mm, kwao 0.29.

Printa yetu ni ya nukta 203 kwa inchi, nukta moja ni kama 0.125 mm. Kiboksi chetu kinakaa nukta 3 kamili. Chao kinataka nukta mbili na theluthi hivi, na hakuna theluthi ya nukta, kwa hiyo printa inachapa kiboksi kimoja nukta 2 kingine 3, picha inapinda bila wewe kuona kwa macho na skana ya bandarini inakataa. Ndo maana pia usimpe mtu wa usanifu QR kama picha aivute kwa mausi iingie kwenye nafasi, akiivuta tu mlingano unaharibika. Itengenezwe kwa ukubwa wake, ikae hivyo hivyo.

Walielewa. Kampeni yao itakaa nyuma ya kielekezi, ndipo mahali pake.

Wiki ya 4

Majaribio ya kufua. Kwa ufupi: wino wa nta unafutika, tumeuacha. Utepe wa resini kwenye satini ya poliesta ndo uliobaki unasomeka baada ya kufuliwa na kupigwa pasi tena na tena.

Lakini kilichotuangusha mara nyingi kilikuwa sindano, wino haukuhusika. Fundi anashona lebo kwenye mshono wa ubavu, mshono unakula ule ukingo mweupe wa QR, na ukingo ukiliwa skana haijui QR inaanzia wapi. Watu wanadhani kwa kuwa kiwango cha M kinavumilia hadi kama asilimia 15 ya uharibifu basi kitaokoa, hapana, uvumilivu huo ni wa viboksi vya ndani. Kwa hiyo QR tumeishusha chini mbali na mshono, na haipiti kwenye mkunjo. Tumemuuliza fundi mwenyewe mkono wake unahitaji nafasi gani, akatuonyesha, tukaongeza milimita 3 juu ya alichosema.

Wiki ya 5 na 6

Hapa naandika kwa urefu maana hapa ndipo mradi ulipokuwa unakufa.

Mpaka wiki ya nne tulikuwa na lebo nzuri, QR inasomeka, linki inafunguka. Alhamisi nikachukua shati moja kwenye mstari wa kumalizia, nikaliskani, likaniambia loti fulani. Nikauliza swali dogo tu: loti hiyo ina majora gani ya kitambaa? Kimya. Stoo wanajua wamepokea majora mangapi, kwa sapulaya gani, loti gani ya rangi. Kumalizia wanajua mashati mangapi yametoka. Katikati hakuna kitu. Jora linaingia chumba cha kukatia kama jora na linatoka kama migongo, mikono, kola, na hapo ndipo jina lake linapotea. Lebo yetu yote ilikuwa inasimama juu ya shimo.

Wale wa sistimu walikuwa wametuuzia wazo la kibandiko cha RFID, kile kinachosomwa kwa mawimbi ya redio, kwenye kila kipande. Nikapiga hesabu ya vipande vya shati moja, kola peke yake ina vipande kadhaa, nikaona haiwezekani kwa kasi ya mstari wetu.

Ijumaa asubuhi nikaenda kukaa chumba cha kukatia, sikwenda na kompyuta. Nikamsalimia mama anayesimamia meza, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikakaa pembeni naangalia. Wanatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, jora likiisha linaunganishwa jingine, mpaka tandiko linafika urefu wake, afu wanakata kwa mkupuo. Na kila jora lilipoisha nikamuona mama anaandika kitu kwenye daftari.

Nikamuuliza. Akasema, "Mwanangu, majora hayafanani rangi hata yakitoka kwa mtu mmoja. Hili la bluu na lile la bluu ukiyaweka pamoja mkono unakuwa mwingine na mwili mwingine. Sasa naandika tabaka la ngapi mpaka la ngapi ni jora gani, wakishona nisije nikaitwa."

Daftari lake lina miaka. Kila tandiko, kila jora, tabaka 1 mpaka 22 jora hili, 23 mpaka 45 jora lile. Vipande navyo vinabandikwa namba ya tabaka ili kola ya tabaka la 17 iende na mwili wa tabaka la 17. Yaani habari niliyokuwa naitafuta wiki tano, ambayo tulikuwa tumeshaombwa tuinunulie mitambo, ilikuwa inaandikwa kila siku kwa kalamu kwa sababu ya tofauti ya rangi, na hakuna hata mtu mmoja kwenye mikutano yetu yote aliyemwalika huyu mama. Nimelisema hili mbele ya bosi na nalirudia hapa. Amealikwa, sasa anakaa kwenye kila kikao cha mradi.

Basi tukajenga juu ya daftari. Stoo wanabandika tagi mbili kwa kila jora, moja nje moja ndani kwenye bomba, kwa sababu ya nje ndo ya kwanza kudondoka. Mezani kuna skana moja na kitableti, mama anaskani jora anaandika tabaka la mwisho, basi, haandiki kingine, tumefuta kila nafasi ya kujaza ambayo hakuihitaji. Kwenye lugha ya EPCIS 2.0, kiwango cha kuandika matukio ya bidhaa, hilo ni tukio la mageuzi: majora haya yameingia, mabando haya ya vipande vilivyokatwa yametoka, lini, wapi, kwenye hatua gani ya kazi. Nilipomwonyesha mama faili linavyosomeka akaona ni daftari lake lile lile, na kweli ndilo.

Mambo mawili bado yalivuja. La kwanza masalia, kile kipande cha mwisho cha jora kinachorudi stoo. Kilikuwa kinarudi bila tagi kinakaa kwenye rafu na wenzake, kinakuja kutumika mwezi ujao kama jora lisilo na wazazi. Sasa salia bila tagi halipokelewi, mzee wa stoo amekuwa mkali kwenye hilo kuliko mimi, na akishasema hapana ni hapana.

La pili ni vipande vinavyobadilishwa. Mkono umeungua na pasi au umechanika, fundi anaomba mwingine, anapewa kutoka popote panapofanana rangi. Shati linakuwa la majora mawili. Tulibishana sana hapa, wengine wakitaka tuseme kila shati tunalijua mpaka jora. Msimamo wangu nimeuandika kwenye waraka wa mradi: lebo iseme tunachokijua. Tunajua bando limetoka tandiko gani na tandiko lina majora gani, basi pasipoti iseme shati hili linatokana na mojawapo ya majora haya. Kipande kikibadilishwa kinaandikwa kwenye tiketi ya bando, jora lake linaongezwa kwenye orodha. Mkaguzi akija akikuta tumedai zaidi ya uwezo wetu hataamini hata yale ya kweli.

Na lebo zenyewe sasa zinachapwa kwa bando. Bando la vipande 20 linatoka na lebo 20 zimefungwa pamoja nalo, kwa hiyo namba ya shati imeshaungana na tandiko kabla cherehani haijaanza. Lebo ikipotea inachapwa yenye namba mpya, ya zamani inafutwa kwenye sistimu, hatuchapi namba moja mara mbili kwa hali yoyote.

Wiki ya 7

Wiki ya kusubiri. Tumewaomba watu wa kutia rangi watupe namba ya loti ya rangi na orodha ya kemikali kwa kila mzigo, wametuma PDF iliyopigwa picha kwa simu, imeinama. Nimewapigia, tumekubaliana wajaze jedwali moja fupi lenye safu sita. Sikuwatumia mwongozo wa kurasa arobaini kama tulivyotumiwa sisi na mnunuzi. Mtu akipewa safu sita anajaza.

Niliongea pia na rafiki yangu wa kiwanda cha samani za mbao, nikaona sisi bado tuna nafuu. Kwao kuna ile Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2023/1115 ya bidhaa zisizotokana na ukataji wa misitu, mbao zimo pamoja na kahawa, kakao, mpira, soya, mawese na ng'ombe, na wanatakiwa wawe na alama za ramani za shamba lilipovunwa, desimali sita. Kwa ng'ombe nukta moja inatosha, lakini kwa hayo mengine shamba likizidi hekta 4 wanachora mipaka yake yote. Anasema shida ni ile ile ya kwetu, magogo yakishaingia msumenoni. Pale kitu kinapobadilika umbo ndipo kinapopoteza jina.

Wiki ya 8

Jaribio la kurudisha bidhaa. Nilikuwa nalingojea kwa wasiwasi.

Kipimo tumekiazima kwa watu wa chakula: kanuni ya ufuatiliaji ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inayoitwa FSMA 204, inawataka watoe kumbukumbu ndani ya saa 24 wakiombwa. Nguo hazimo humo ila saa 24 ni kipimo kizuri, mnunuzi akikupigia kuwa kitambaa kina kemikali iliyokatazwa anataka jibu kesho.

Bosi akachagua jora moja bila kutuambia mapema. Swali: mashati yote yenye kitambaa hicho yako katoni gani? Kila katoni ina namba yake ya tarakimu 18, na kila shati linaskaniwa linapoingia humo, kwa hiyo njia ni jora, tandiko, mabando, mashati, katoni.

Mara ya kwanza ilituchukua kutwa. Sistimu ilitoa orodha lakini kwenye katoni mbili namba za mashati zilikuwa chache kuliko idadi iliyoandikwa, tukazifungua, kumbe mtu wa kufunga alikuwa anaskani shati moja mara nyingi kwa idadi ya mashati anayoyaweka, kwa sababu skana ilikuwa nzito na foleni inamsukuma. Sikumlaumu. Skana tumeitundika juu ya meza, shati linapita chini yake lenyewe na namba ikijirudia inalia. Mara ya pili, jora lingine, wiki hiyo hiyo: dakika 50, na katoni tatu tulizozifungua kuhakiki zote zimelingana.

Mama wa kukatia alikuwepo. Orodha ya majora ilipotoka kwenye skrini alifungua daftari lake akalinganisha mstari kwa mstari kwa kidole. Mmoja haukukaa sawa, tabaka la 61 sistimu inasema jora lingine. Daftari ndilo lililokuwa sahihi. Tukarekebisha, na nimeomba daftari lisiachwe mpaka miezi sita ipite bila tofauti hata moja.

Wiki ya 9, Jumanne

Mzigo wa kwanza wenye lebo mpya umefungwa, mtindo mmoja, rangi mbili. Uzi wa kushonea bado hatuufuatilii, unaingia kama maboksi na kuisha kama maboksi, na kwenye pasipoti tumeandika hivyo hivyo kwamba uzi haujaunganishwa na loti. Vifungo tumeanza jana.

Alhamisi naenda kwa watu wa kutia rangi na lile jedwali la safu sita. Mama wa kukatia ameomba tuende wote, ana maswali yake kuhusu bluu.